Shukrani kwa Mkataba Usiosainiwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanaosema hivyo kwa kujisifu, lakini mimi nasema kama mtu anavyomtajia daktari ugonjwa wake. Nimezaliwa katika nyumba hii iliyo kando ya barabara ya kwenda Idodi, nusu saa kwa bodaboda kutoka Iringa mjini. Nimesoma sekondari ambayo madirisha yake nayaona nikiwa mlangoni pa choo chetu, na nikamaliza kidato cha nne kwa daraja ambalo naomba tusilijadili. Tangu hapo nafuga kuku, natunza miparachichi na namtunza mama. Mama akiulizwa husema yeye ndiye anayenitunza.

Mdogo wangu wa kike ni rubani.

Naona nimeipa sentensi hiyo mstari wake peke yake, na hapohapo aibu imenishika, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuisema kwa watu. Nanyamaza kwanza, naisema, halafu nanyamaza tena ili ifanye kazi. Nimeisema kwenye foleni ya zahanati. Nimemwambia fundi wa kuchomelea aliyekuja kutengeneza geti, ambaye alikuwa ameuliza tu kama umeme upo.

Anarusha ndege za pangaboi za kampuni moja ya hapahapa nchini, kutoka Dar kwenda Mbeya, Mwanza, Songea na kurudi. Anakaa kiti cha kulia, ambacho ni cha rubani msaidizi, na begani ana mistari mitatu. Kapteni hukaa kushoto na ana minne. Tofauti ya huo mstari mmoja naweza kuieleza kutwa nzima. Nilijifunza mambo ya marubani kwa bidii ambayo kama ningeipeleka kwenye hesabu za kidato cha pili, leo ningekuwa mtu mwingine. Simu yangu ilijaa vikundi vya marubani wa dunia nzima wakilalamika: kampuni gani inalipa vizuri, ipi inachelewesha mishahara, ipi inampa mtu nyumba, ipi inamweka angani mpaka anasahau sura za watoto wake. Mimi ambaye sijawahi kukanyaga ngazi ya ndege nilikuwa na msimamo thabiti kuhusu mikataba ya Uarabuni.

Na nilikuwa namshauri. Siku moja nilimpigia nikiwa nachanganya pumba.

"Usikubali kulipwa kwa saa za kuruka peke yake," nikamwambia. "Dai mshahara wa kudumu."

"Kaka, hiyo kelele ni ya nini?"

"Kuku wanataka kula."

"Basi wape kwanza, halafu uje unieleze habari za angani."

Akacheka mpaka salio likaisha. Katika maisha yangu sijafanya kazi niliyoiweza kama ile ya kumchekesha.

Kiangazi kile alikuja nyumbani kwa siku mbili. Tulikaa nyuma ya nyumba tunapukuchua mahindi, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye debe, na mama alikuwa ameenda kwenye jumuiya. Nikaona anapukuchua gunzi moja kwa muda mrefu, punje mojamoja.

"Nikikuambia kitu utakaa nacho?"

"Mimi ni kaburi."

"Wewe ni redio ya kijiji. Lakini hapa nyumbani ni wewe tu unayeyajua haya mambo, kwa hiyo sina ujanja."

Akanieleza. Shirika moja kubwa la nje, lenye ndege kubwa za jeti, lilikuwa limemwandikia. Wanampa nafasi ya rubani msaidizi, mshahara zaidi ya mara mbili ya anaopata, nyumba ya kukaa na tiketi za familia kila mwaka. Walikuwa wamempa miezi kadhaa ya kujibu. Nikaacha kupukuchua. Nilishaanza kumwona mama akishuka mahali penye joto, amevaa sweta lake la kijani.

"Usianze kufurahi," akasema. "Sikiliza upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa hivi. Kule angeanza mwisho wa foleni. Kila rubani ana nafasi yake kulingana na siku aliyoingia, na waliomtangulia walikuwa wengi. Ingemchukua miaka minane, labda kumi, kufika kiti cha kushoto. Hapa, kampuni yake ilikuwa imemwambia kwa mdomo kwamba yumo katika kundi linalofuata la kwenda kusomea ukapteni. Ilikuwa imebaki miezi miwili. Halafu kulikuwa na bondi: alipoajiriwa, kampuni ilimlipia mafunzo ya ile ndege, kwa hiyo akiondoka kabla ya mwakani anarudisha gharama.

"Kwa hiyo nakaa," akasema. "Napata mstari wa nne. Narusha mwaka mmoja na nusu kama kapteni, bondi inaisha, ndipo naondoka. Wakati huo wao ndio watanibembeleza. Siwajibu kitu hawa wa nje mpaka niingie darasani."

"Na hawa wa hapa wakisikia?"

"Wakisikia nafikiria kuondoka, hawanipeleki. Nani anamgharamia mtu anayefunga mizigo?" Akanitazama. "Kaka. Hata mama sijamwambia."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nataka hili lijulikane mapema ili nisijipatie pa kujificha huko mbele: nilisikia kila neno, na nilielewa kila neno. Aliyekuja kuharibu mambo si mjinga asiyejua. Ni mtaalamu.

Nilikaa na siri ile Jumapili mbili.

Kwetu usharikani jambo jema halijawa jema mpaka lisomwe kwenye matangazo. Mtu akipata mtoto, akipona, akifaulu, anaandika sababu juu ya bahasha ya shukrani, karani anaisoma mbele ya watu wote, na baada ya ibada tunatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Kilichotolewa, kiwe kuku, miwa au debe la viazi, kinauzwa palepale kwa ajili ya kanisa. Jumapili ya pili jirani yangu wa bondeni alishukuru kwa kijana wake kupata kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo. Alitoa mbuzi. Mbuzi aliimbiwa. Tulipokuwa tunatoka, jirani akanipiga begani.

"Na nyie mbona kimya mwaka huu? Au hamna la kushukuru?"

"Tunayo mengi."

"Najua, najua. Kuku wametaga."

Watu watatu walicheka. Watatu tu, nimewahesabu mara nyingi tangu hapo. Mtu mwenye akili angecheka nao aende zake akanywe chai. Mimi nilitembea mpaka nyumbani nikijibizana na yule jirani kichwani, na kila nilipomjibu nilikuwa namtajia jeti.

Jumapili iliyofuata nilimkamata jogoo wangu mkubwa, mwekundu mwenye shingo ndefu, nikachukua bahasha. Nilijiambia kwamba kumwambia Mungu si sawa na kumwambia mtu. Nilijiambia pia kwamba barua ya kazi ni baraka hata kama haijajibiwa, na baraka isiposhukuriwa huondoka. Nilisahau kitu kimoja tu, kwamba usharikani kwetu Mungu anaambiwa kwa spika mbili, na moja imeelekezwa sokoni.

"Familia ya marehemu mwalimu," karani akasoma, "inamshukuru Mungu kwa binti yao, rubani, kupata kazi katika shirika kubwa la ndege la nje ya nchi."

Kanisa zima lilisema aah. Vigelegele vikaanzia upande wa kina mama. Mama alikuwa kando yangu. Aligeuza shingo polepole.

"Lini?" akaninong'oneza.

"Nitakueleza."

"Nani kasema?"

"Mama, tunashukuru kwanza."

Nje, mzee wa kanisa anayeendesha mnada alimshika jogoo wangu miguu akamwinua juu ya kichwa chake.

"Wapendwa, huyu mmemwona? Huyu si wa kuchinja! Huyu ni wa familia ya marubani! Mwangalieni mabawa! Nani anampandisha?"

Akapanda. Aliyemnunua wa kwanza akasema namrudishia Bwana, akauzwa tena. Wa pili naye akamrudisha. Bei ikapita ya yule mbuzi wa Jumapili iliyotangulia, na hilo nililiona vizuri sana, maana nilikuwa nimesimama kwa makusudi karibu na jirani yangu wa bondeni.

"Na wewe, kaka mtu, utaruka lini?" mama mmoja akanipigia kelele.

"Mimi nitasafirishwa kama mzigo!"

Wakacheka wote, na safari hii sikuwahesabu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku ya kipaimara. Mzee wa kanisa alimpa mtu simu yake arekodi. Nikatengeneza kola.

Jumanne, saa nne asubuhi, mdogo wangu akapiga. Hakunisalimia.

"Kaka, jogoo aliuzwa mara ngapi?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuelewa. Ningeweza kusema jogoo gani, ningeweza kusema nisamehe. Nilichosema ni hiki:

"Mara tatu."

Halafu akanieleza bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Binti wa yule mzee wa kanisa anafanya kazi kaunta ya kampuni hiyohiyo kwenye uwanja wa Songwe, Mbeya. Baba yake alimtumia video. Jumatatu ndege ilipotua, binti alikimbia mpaka kwenye ngazi akamkumbatia mdogo wangu: hongera dada, tumeona, unatuacha! Kapteni waliyerusha naye alikuwa ngazi mbili nyuma. Na kapteni huyo ndiye anayewafundisha makapteni wapya, na ndiye anayependekeza majina.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia kaka yangu anatia chumvi. Kwamba zamani niliwahi kutuma maombi huko, wewe ukasikia nimepata. Akacheka. Akasema hata mama yake anawaambia watu kwamba ndege ni ya mwanawe." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo limekwisha. Nimelimaliza. Kuna kitu kimoja tu nakuomba."

"Chochote, mdogo wangu."

"Usifanye kitu. Usimpigie mtu, usimweleze mtu, usirekebishe. Kaa nyumbani. Si ndicho unachokiweza?"

Nikaahidi. Nikaenda kwa kuku, nikakaa nao.

Sijui wengine aibu huwafanyaje. Mimi huniwasha. Siwezi kukaa nayo, lazima nimtafute mtu wa kumkabidhi. Kwa siku tano nilizunguka uwanja wetu mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kila nilipofumba macho nilimwona yule kapteni akiwaza: huyu msichana anadanganya au hadanganyi? Nikaona kinachokosekana ni maandishi. Kwetu jambo lisiloandikwa linaonekana la mitaani. Nikachukua karatasi yenye mistari, nikaandika barua kama tulivyofundishwa, anwani kulia, tarehe, na chini yake kwa herufi kubwa nikapigia mstari:

YAH: KUKANUSHA TANGAZO LA SHUKRANI.

"Ndugu Kapteni, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kaka wa rubani wako msaidizi na ndiye niliyetoa jogoo. Napenda kukujulisha kwamba si kweli kuwa mdogo wangu ameacha kazi au amesaini popote. Barua ya hao wa nje hajaijibu. Badala yake ameamua kwa akili zake timamu kubaki kwenye kampuni yako mpaka apate ukapteni na saa za kutosha, ndipo aondoke kwa utaratibu mzuri bondi ikiwa imekwisha. Hivyo usiwe na wasiwasi naye."

Nakumbuka nilivyoisoma sentensi ile ya ukapteni kwa sauti, mara mbili. Niliona ndiyo nzuri kuliko zote. Niliona inamwonyesha kama mtu wa mipango.

Nikaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji nigongewe muhuri.

"Ya mkopo?" akauliza.

"Ya ndege."

Akagonga mara mbili.

Basi la Mbeya liliondoka Iringa alfajiri ya siku ambayo, kwa ratiba ya mdogo wangu niliyoijua kwa kichwa, angetua Songwe na kapteni yuleyule. Nilikuwa nimebeba parachichi nusu kiroba, bahasha mfukoni, na shati la ibada. Sijatoka mkoani mwetu mara nyingi, kwa hiyo mpaka Mafinga nilitazama misitu ya miti ya mbao kama mtalii. Tulipofika Makambako basi likasimama ili abiria wapate kula, nikamtumia mdogo wangu ujumbe, nikiwa nimejaa ujasiri wa chipsi: "Niko njiani Songwe. Nataka kuonana na Kapteni wako tuliweke sawa."

Jibu likaja kabla sijafunga mfuko wa chipsi. "Kaka rudi."

Halafu jingine. "Nakuomba. Rudi."

Nilikuwa na muda. Upande wa pili wa barabara mabasi ya kurudi Iringa yalikuwa yamepanga mstari. Nikajiambia ameandika kwa haraka, hajui nilivyoiandika vizuri. Dereva akapiga honi, nikapanda. Tukashuka mpaka nyanda za Usangu, tukapita njia panda ya Rujewa, abiria wakanunua mchele, na mimi nikanunua wa kwake, kilo tano, wa kumshangaza.

Nilifika uwanjani kama saa nane mchana. Binti wa kaunta ndiye aliyeniona kwanza. Alitoka nyuma ya meza yake ananikimbilia.

"Shikamoo baba mdogo! Jamani, umekuja kumwona? Ile video, kila mtu kaipenda!"

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na nikashindwa kumtazama, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba amefanya chochote. Hakuwa amefanya chochote.

Ndege ikatua. Abiria wakashuka, na baada ya muda nikamwona anakuja kutoka upande wa ndani, shati jeupe, mistari yake mitatu. Sikuwahi kumwona kazini. Anatembea tofauti. Nyumbani anaburuta kandambili.

"Nilikuambia urudi," akasema kwa sauti ya chini.

"Nisikilize kidogo tu."

"Kaka, tuna dakika kumi na tano. Nipe hizo parachichi, nikukumbatie, uende."

Hapo kapteni akatokea nyuma yake. Mtu mzima, kipara, ameshika kikombe cha karatasi. Nilitegemea mtu mkali. Alikuja anatabasamu, mkono ameshaunyoosha.

"Huyu ndiye mwenye jogoo?"

"Ndiye mimi, mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Bwana wee, umetuchekesha! Nimeangalia ile video mara nne. Mke wangu anataka kujua jogoo aliishia wapi."

Ungekuwa wewe msomaji, ungejua la kufanya. Ungesema jogoo kaliwa na mchungaji, ukamkabidhi kiroba, ukapanda bajaji. Lilikuwa limekwisha kweli, kama alivyosema mdogo wangu. Mtu yule alikuwa anacheka. Nami nikaingiza mkono mfukoni.

"Mkuu, nimekuja na maelezo rasmi."

"Kaka," mdogo wangu akasema.

"Ni ya kukusaidia."

"Kapteni, tunachelewa," mdogo wangu akamwambia.

Lakini kapteni alikuwa ameshachukua bahasha, labda kwa heshima tu ya mtu aliyetoka mbali. Akavaa miwani. Akaanza kusoma akiwa bado anatabasamu, akacheka pale kwenye jogoo. Kisha tabasamu likabaki usoni lakini halikuwa na mwenyewe. Mdogo wangu hakuwa anaitazama barua, alikuwa anautazama uso wa yule mtu. Mimi nilikuwa namtazama yeye, na kupitia uso wake, hapo, nimesimama na kilo tano za mchele, ndipo nilipoisikia sentensi yangu kwa mara ya kwanza jinsi inavyosikika.

Kapteni akaikunja barua kwa kufuata mikunjo yake.

"Una mwandiko mzuri," akaniambia. "Asante. Umetoka mbali." Akamgeukia mdogo wangu, bila hasira yoyote, na ningependa angekasirika. "Tutaongea Dar."

Wakaondoka. Yeye hakugeuka. Niliwapa binti wa kaunta na wenzake parachichi zote. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, amekwishakuwa wa Mbeya. Mchele nikarudi nao. Nililala gesti Mbalizi, na kesho yake, tangu Uyole mpaka Iringa, sikuzungumza na mtu, jambo ambalo kwa abiria wa pembeni yangu halikuwa na maana yoyote, kwa sababu hakujua anakosa nini.

Wiki ya tatu ndipo alipopiga. Nilimwambia nisamehe kabla hajasema halo.

"Nimeshakusamehe," akasema. "Tulipotua Dar nilikuwa nimeshakusamehe. Nataka tu ujue ilivyo, kwa sababu mama anakuuliza na wewe unamdanganya."

Kweli nilikuwa namdanganya. Nilimwambia mama ndege zimepungua.

"Hawakuniondoa kwenye orodha," akaendelea. "Wamenipa karatasi. Naenda kusomea ukapteni kama nikisaini bondi mpya, miaka mitano. Wenzangu kwenye kundi hilohilo wamesaini miwili. Nimeuliza kwa nini mimi mitano, wakanionyesha barua yako. Wameitia kwenye faili langu."

Nikakaa juu ya debe la pumba.

"Ina muhuri, kaka. Wa serikali ya kijiji."

Nilifikiri anacheka. Sikuwa na uhakika, na sikuthubutu kuuliza.

"Kwa hiyo ni kiti cha kushoto kwa miaka mitano, na hao wa nje hawatanisubiri miaka mitano. Au nakwenda sasa hivi, naanza mwisho wa foleni, narudisha gharama za bondi ya kwanza, na kapteni nitakuwa nikiwa na mvi. Ndiyo hiyo iliyo mezani."

Mimi nilikuwa na maoni. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Kinywa changu kilikuwa kimeshajaa. Nilimjua rubani mmoja kwenye kikundi, sijui wa nchi gani, aliyejadiliana akapunguziwa bondi kwa nusu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Usinishauri," akasema.

"Sikushauri."

"Nikiamua nitamwambia mama."

Akakata, taratibu.

Tangu hapo mama anaongea naye nje. Zamani alikuwa akiweka simu kwenye spika katikati ya meza, sote tukaongea kwa pamoja, mimi nikiongea zaidi. Sasa simu ikiita anaitazama, ananitazama, anajifunga kanga vizuri, anakwenda mpaka kule kwenye tangi la maji. Ana miaka mingi na anasikia kwa shida, kwa hiyo lazima apaze sauti, na mimi nikikaa sebuleni nasikia. Basi nakwenda jikoni naosha vyombo. Nikiwa nimeshaviosha, naviosha tena, navigonganisha, ili kule alipo ajue siko dirishani. Akirudi anasema, "Anakusalimia." Nasema, "Nimepokea." Uso wake hausomeki. Alikuwa mke wa mwalimu, amezoea kutunza mitihani ndani ya nyumba.

Jirani yangu wa bondeni aliniuliza kanisani, rubani ameshaondoka? Nikasema sijui. Akadhani naringa.

Juzi mama alirudi kutoka kwenye tangi akafungua lile sanduku la bati chini ya kitanda chake, akatoa bahasha ya kaki.

"Anataka cheti chake cha kuzaliwa," akasema. "Kile halisi. Ukipeleke kwenye basi la Dar, atakipokea huko."

Nikakishika. Niliwaza cheti kinatakiwa wapi. Kwa visa kinaweza kutakiwa. Kwa leseni mpya kinaweza kutakiwa. Mkataba mpya, bima, mambo ya benki, vyote vinaweza kukitaka. Ningeweza kufungua simu nikauliza kwenye vikundi vyangu, lakini vile vikundi nilishajitoa. Nilimtazama mama, na mama alikuwa anatafuta viatu vyake kwa makini sana.

"Haya," nikasema.

Ofisi ya vifurushi ya lile basi iko mwishoni mwa stendi. Karani ni kijana wa kike tuliyewahi kuabudu naye, ananijua, na alikuwa na nafasi ya kuongea.

"Kamwene, kaka wa rubani! Unatuma nini leo?"

"Karatasi."

"Karatasi za nini? Lazima niandike maelezo hapa."

"Andika karatasi."

"Za safari?" Akainua kichwa, amechangamka. "Anaondoka eeh? Si ndiyo? Niambie bwana."

Alikuwa amenitegeshea kalamu. Nyuma yangu kulikuwa na watu kama sita kwenye foleni, wote wametega sikio, na mmoja wao nilimfahamu kutoka kwaya.

"Sijui," nikasema.

"Unatuma kitu usichokijua?"

"Ndiyo."

Akanitazama kama mtu anayenidai hadithi. Halafu akaandika karatasi, akanipa risiti, na kumwita anayefuata.